Kifua Kilipoacha Kupiga Mluzi

Nimezaliwa na pumu, na mpaka leo sijaizoea. Watu hudhani ugonjwa wa tangu utotoni ni kama jirani mkorofi, kwamba mwishowe unajifunza kuishi naye. Uongo mtupu. Kila kifua kinapobana, naogopa upya.

Ndiyo maana nilifurahi sana daktari wa mazoezi wa kliniki moja mjini Nyeri aliponifundisha kupumua. Vuta hewa kwa pua, taratibu, mabega yakiwa yametulia. Kisha itoe kwa midomo uliyoikunja, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Alinionya kwamba hiyo si badala ya pampu ya dawa. Nikamwitikia vizuri, huku moyoni nikijiona nimeshapona. Nilipuliza uji wangu shambani, sokoni, hata kanisani mahubiri yalipokuwa marefu. Na kusema kweli ulinisaidia: ule mluzi wa kifuani ulipungua, na hofu nayo ikapungua.

Julai moja ya baridi kali, binti wa dada yangu alijifungua huko Naro Moru, tukaenda itega. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake humpelekea mzazi kuni, wamezibeba mgongoni, wanaimba njia nzima, kisha wanawasha moto na kupika. Ukienda na mtungi wa gesi utachekwa mpaka kaburini. Kuni zetu zilikuwa za mkaratusi, mbichi, tena zimenyeshewa. Moshi ulipoanza kutoka jikoni, upepo wa mlimani ukausukuma moja kwa moja hadi sebuleni tulikokaa. Mama mmoja akafunga mlango na madirisha yote, ati mtoto asipigwe na baridi. Moshi uliokwisha kuingia ukabaki nasi.

Kifua kikabana. Mkoba wangu wenye pampu ulikuwa chumbani kwa mzazi, chini ya rundo la mikoba na shuka za wageni, na kuinuka sikuweza. Nikaanza kupuliza. Pua, midomo. Pua, midomo. Mluzi wangu ukasikika nyumba nzima. Nilitaka kusema "pampu", neno fupi tu, nikakosa pumzi ya kulitoa.

"Tumuombee," akasema kiongozi wa kina mama wa kanisa.

Wakanizunguka. Mikono kichwani, mikono mabegani, mikono mgongoni, na kila leso inanuka moshi. Walinipenda, hilo nalijua, lakini walikuwa wameniziba. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Mimi nilikuwa nakufa peke yangu, na harusi ikaendelea juu ya kichwa changu. Nikazidi kupuliza, kidogo kidogo, mpaka mluzi ukaisha.

"Asifiwe! Ametulia!" kiongozi akapaza sauti. "Mnaona? Ati pumu ni nini mbele ya Mungu?"

Vigelegele vikapigwa. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kifua kilinyamaza kwa sababu hewa ya kupigia mluzi haikuwepo tena. Vidole vilikufa ganzi, na nyuso zao zikaanza kwenda mbali.

Dada yangu akaingia kutoka jikoni na sufuria ya chai. Huyu tulilala kitanda kimoja utoto wetu wote, mluzi wangu ukimbembeleza. Alisimama, akasikiliza, akaiweka sufuria sakafuni.

"Nyamazeni! Kifua yake imenyamaza, hiyo si kupona! Fungueni mlango! Pochi yake iko wapi?"

"Lakini mama, tuko kwa maombi..." kiongozi akaanza.

"Mungu atangoja! Huyu hawezi!"

Nilisikia mikoba ikirushwa huko chumbani. Akarudi mbio, akanitia pampu mdomoni, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Hakuna kilichotokea. Niliona usoni mwake kwamba anadhani amechelewa, na mimi nikaamini hivyo hivyo. Kisha chini kabisa kifuani ukatoka mluzi mwembamba, mbaya, wa kukwaruza. Kina mama wakashtuka wakidhani nimezidiwa, mmoja akaanza kulia. Dada yangu alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka.

Mkwe wake, baba wa mtoto, alipotoka kutafuta gari la kunipeleka hospitali, dada alibandika sikio mgongoni pangu akakataa kuondoka. Nami, kwa mazoea, nikaanza kukunja midomo.

"Wacha hiyo uji yako," akaninong'oneza. "Piga kelele tu. Nikusikie."