Mimba Changa na Mawe ya Shule

Siku ile ya mawe naikumbuka, mwanangu, kila magoti yanaponiuma, na siku hizi yananiuma tangu asubuhi. Kaa hapo karibu na moto. Nimeona unavyosukuma sahani, na hiyo malaria unayomtajia kila mtu mimi najua jina lake jingine. Sikuulizi. Sikiliza tu, maana nimechoka na sina nguvu ya kusema jambo mara mbili.

Nilikuwa nimeolewa Shume, nikitokea kwetu Mlola, na hata mwaka ulikuwa haujaisha. Babu yako Elia alikuwa akipasua mbao msituni, anarudi Jumamosi tu. Nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe, mwanamke mpole wa maneno na mkali wa macho. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Kijiji kilikuwa kimeamua kujijengea shule, na sisi wanawake tulibeba mawe kichwani kutoka mtoni hadi juu mlimani. Balozi wa nyumba kumi alisimama huko juu akituhimiza, "Uhuru na kazi, akina mama! Uhuru na kazi!" Jiwe hakubeba, ila sauti alikuwa nayo.

Mimba yangu ya kwanza ikanikuta hapo. Mimi nilidhani mimba ni tumbo, kumbe huanza na uchovu. Uchovu wa jembe ukiulalia unakwisha. Huu nililala nao na nikaamka nao. Nikisonga bada, harufu ya unga wa muhogo inanitoa nje mbio. Nililia kwa vitu vya ovyo, hata kuni mbichi zikikataa kuwaka. Niliogopa sana, na sikuwa na wa kumwambia.

Utauliza kwa nini, na mama mkwe nilikuwa naye. Kwetu wakati ule mimba changa haikutajwa. Mke mgeni hakufungua kinywa kuisema. Ilikuwa aibu, na tena waliona ni kuita mikosi. Alingoja mama mkwe aione mwenyewe, kisha mama mkwe ndiye awaambie wengine, wakati wake ukifika. Mimi mtoto wa mzee wa kanisa, lakini hilo nililishika kuliko amri kumi. Nikangoja. Mama mkwe akanitazama asiseme neno. Nami nikaendelea kubeba mawe.

Wenzangu wakaanza kunisema. "Huko Mlola hawafundishi binti zao kazi," alisema mmoja, wengine wakacheka. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikachukua jiwe kubwa zaidi ili wanyamaze.

Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito na njia inateleza. Katikati ya mlima tumbo likanikata chini ya kitovu, nikatua jiwe, nikaketi. Nilipoinuka niliona damu kwenye kanga. Haikuwa nyingi. Nikajifunga upya, nikainama kulichukua jiwe langu. Hata leo sijui nilikuwa nalipeleka wapi.

Balozi akaniona. "Huyo mke wa Elia anaketi kila siku! Shule haijengwi na wavivu!"

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Alitua mzigo wake, akanipokonya jiwe, akalitupa kando likaporomoka bondeni. Kisha akapaza sauti kwa Kishambaa, mlima mzima ukasikia: "Mkaza mwanangu ana mimba! Ana mimba, mmesikia? Anayelitaka jiwe lake akalifuate bondeni alibebe mwenyewe!"

Hakuna aliyecheka. Mama mzima, mwenye heshima zake, kulitaja jambo lile mbele ya wanaume! Balozi alivua kofia. "Samahani, mama. Sikujua."

"Ungejuaje, na sisi tumenyamaza?" alisema, akanishika mkono, tukashuka.

Muuguzi wa zahanati aliamuru nilale. Mama mkwe akateka maji, akapika, akafua kanga zangu, na bada ikahamia jiko la jirani. Nilipopata nguvu ya kumaliza bakuli la uji, ndipo aliponigombeza.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe, mama."

Alilipokea bakuli mkononi mwangu. "Nami niliona tangu siku uliyoikimbia bada. Nikangoja wakati wake, kama tulivyofunzwa. Mimba yangu ya kwanza, kabla ya Elia, niliinyamazia hivyo hivyo. Ilitoka nikiwa shambani. Nikaizika kwa mikono yangu, nikaokota jembe, nikaendelea kulima. Hakuna aliyenipa pole, maana hakuna aliyejua. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

Nililia, mwanangu. Yeye hakulia. Nadhani machozi yake yalikuwa yamechoka.

Damu ilikatika na mimba ikashika. Ndiye mama yako. Lakini sitakudanganya kwamba ukisema basi mambo yote yatakuwa mema. Baada yake nilipoteza mbili, na hizo nilizisema mapema. Tofauti ni kwamba nilipewa pole, nikapikiwa, na babu yako alikaa nami kitandani akilia kama mimi.

Basi nakuambia: mficha uchi hazai. Mwambie mumeo leo. Nenda kliniki kesho, usingoje tumbo litokeze. Ukichoka, keti, na anayekuita mvivu muache aite. Ukiona damu, piga kelele, hata kama mbele yako wamesimama wazee na mchungaji.

Mungu akushike, mjukuu wangu, wewe na huyo uliyembeba. Akupe usingizi, akupe na watu wa kukupokea mzigo. Na likija lolote, la heri au la machozi, lisikukute peke yako.