Mbaya na Mpya

Mume wangu Nashon anatengeneza giaboksi mjini Migori, na hasikii. Naanza na hilo mapema ili usije ukanilaumu kwamba nilikuficha. Mji mzima nilikuwa nimeuficha kwa miaka, na kazi hiyo inachosha kuliko kuchota maji.

Jina la Nashon halitumiki sana. Watu wanamwita Jagia, yaani mtu wa gia, na gari likikataa kwenda popote kati ya Isebania na Mbita hakosi mtu wa kusema lipelekwe kwa Jagia. Gereji yake ni uwanja wenye mabati upande mmoja na matope upande mwingine. Kibanda changu cha chai kimo humo humo. Mimi ni Awino, mzaliwa wa Rusinga, ndiyo maana yeye huniita nyar Rusinga, binti wa Rusinga. Huniita kwa sauti ya kutisha. Mtu asiyejisikia hupaza sauti bila kujua, na wateja wageni hudhani tunagombana. Wakati mwingine ni kweli tunagombana, ila anayegombana huwa ni mimi peke yangu.

Masikio yake yalitoka usaha tangu utotoni. Kwao waliyatia mafuta ya moto, majani, na maziwa ya mama aliyejifungua binti, na kila dawa ilichukua sehemu yake. Baadaye daktari mmoja aliyachungulia akasema ngoma zimetoboka zote mbili, lakini huko ndani zaidi bado ni pazima. Akamwambia arudi mwezi unaofuata. Nashon hakusikia, na mimi nilikuwa nimetoka nje kununua maji. Nilipokuja kujua kwamba tulipaswa kurudi, daktari alikuwa amehamishwa.

Sasa fikiria fundi wa giaboksi asiye na masikio. Injini ikiugua unaiona ikitoa moshi. Giaboksi imejifunga kote kote, na shida yake inaisema kwa sauti: inavuma, inasaga, inagonga. Nashon aliipoteza sauti hiyo polepole, na yangu aliyoisikia tulipooana ikafuata, na kila alipopoteza kidogo alitafuta pa kuzibia.

Kwanza alishika mafuta. Gari likifika, kabla hajamsalimu mwenye gari, anachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, anakipangusa kwenye kitambaa cheupe, anatazama, ananusa. Mafuta mekundu yanayong'aa, hapo hana wasiwasi. Yakiwa ya kahawia na yananuka ugali ulioungua chini ya sufuria, klachi za ndani zimekwisha, na dereva atakuambia injini inapanda kelele lakini gari haliendi. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Magari ya Lambwe huja hivyo msimu wa mvua, kwa sababu wenyewe hawaamini kwamba mto ukifurika ni mto. Ukiweka gia halafu gari likakaa linawaza kabla ya kusogea, pengine mafuta yamepungua. Haya yote hayahitaji sikio.

Pili, aliwafanya wateja walie. Sijui niseme vipi jambo hili kwa heshima. Nashon humketisha mwenye gari kwenye benchi, anakaa mbele yake uso kwa uso, na kumwambia, "Lia vile gari inalia." Na watu wanalia! Askofu wa kanisa moja la Magunga, mtu mzima mwenye msalaba kifuani, alikaa pale akafanya "ngrrrr" mpaka mate yakamtoka, kwa sababu gia ya pili ilikuwa inasaga. Mwalimu mmoja alifanya "wiiii" inayopanda kadiri mwendo unavyopanda, na Nashon akamwambia ni beringi. Mwingine alifanya "ta-ta-ta-ta" huku akipinda mwili kwenda kulia, akaambiwa giaboksi yake haina kosa, ni shafti ya gurudumu ndiyo inalia gari likikata kona. Watu waliona ni ufundi wa ajabu. Walikuja hata wasio na gari, kunywa chai na kutazama.

Haukuwa ufundi. Alikuwa anasoma midomo. Midomo ikimshinda ananitazama mimi, maana nilikuwa nasimama nyuma ya mteja na birika, nikirudia kila neno kwa mdomo mkubwa bila sauti, kama samaki aliyetupwa ufukweni. Wateja hawakugeuka nyuma. Hilo ndilo tuliloishi nalo, na giaboksi ndiyo kazi pekee anayoijua. Ingejulikana kwamba Jagia hasikii, nani angemletea gari?

Mwezi wa nne nilikwenda Rusinga kwa dada yangu, aliyekuwa amelazwa. Nilimwambia Nashon asipokee gari jipya mpaka nirudi. Alinijibu sawa. Baada ya miaka hii yote nilipaswa kujua kwamba "sawa" yake ina maana ameona midomo ikitikisika.

Nikiwa huko akaja Mniko kutoka Kehancha na stesheni wagoni nyeupe ya kubebea ndizi. Mniko ni Mkuria, na Kiswahili chake kina vokali za ziada ambazo huzigawa bila uchoyo. Sisi Wajaluo hatuna la kusema, "sh" yenyewe tumewaachia wenye nayo. Mniko akakaa kwenye benchi akasema shida yake vizuri kabisa.

"Giaboksi ni mupya, lakini nikiweka D inagonga. Nikiweka R inagonga tena."

Mupya. Alitaka kusema mpya. Na ni mpya kwa maana ya huku kwetu, yaani ilitoka Japani ikiwa imezeeka, ila kwa gari lile ilikuwa ngeni. Sasa simama mbele ya kioo useme "mupya," halafu useme "mbaya." Midomo inafungwa, inafunguka, inaishia palepale. Mtu asiyesikia hana njia ya kutofautisha. Nashon aliambiwa giaboksi ni mpya, akaona giaboksi ni mbaya. Akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia Mniko arudi kesho yake.

Nilirejea kesho yake mchana. Giaboksi ya Mniko ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa yote, vipande vimepangwa juu ya gunia. Nashon alikuwa ameketi mbele yake anaitazama kwa mashaka. Mafuta yalikuwa mekundu safi. Klachi zilikuwa nene. Hakuna kilichovunjika. Alinionyesha kwa mkono, akasema kwa ile sauti yake inayofika stendi, "NYAR RUSINGA, HII HAINA UGONJWA!"

Mniko alikuwa ameshaingia getini na alisikia.

"Si nilikuambia ni mupya?"

"Ulisema ni mbaya," Nashon akajibu, maana alikuwa anamtazama mdomoni.

"Mupya!"

"Ndiyo. Mbaya."

Walirudiana hivyo mpaka nikaona watu wanaanza kusimama. Mniko si mjinga. Aliacha ubishi, akazunguka nyuma ya Nashon, akapiga makofi karibu na kisogo chake. Nashon hakugeuka, alikuwa bado anasubiri jibu. Mimi nikaona aibu ya mtu wangu imewekwa mezani pamoja na zile klachi. Niliumia, kisha nikakasirika, na kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani, nikammwagia chai mbwa asiye na kosa.

Aliyesema la kwanza ni Oliver, jirani yetu, anayechomelea ekzosi. "Mama Cliff, pole. Lakini sida ya masikio haifichiki. Mwambie aingie kwa rangi. Kupaka rangi haitaki kusikia." Aliongea mbele ya Nashon kama vile Nashon ni gari. Na kibaya zaidi, alikuwa na nia njema.

Mniko alisema lake kwa upole wa kutisha. Giaboksi irudishwe kama ilivyokuwa, kisha aambiwe kinachogonga ni nini. Kisipopatikana, atapiga simu redioni kwenye kile kipindi cha asubuhi, awaeleze watu wa Migori na Homa Bay kwamba Jagia anatibu gari lisilougua. Redio ile inasikilizwa na kila mtu mwenye gari na kila anayeota kuwa nalo. Nashon alinitazama nimtafsirie. Nilimtafsiria yote, pamoja na ya Oliver. Sikupunguza hata neno.

 Nashon aliirudisha giaboksi ile mchana wote uliobaki, na mikono yake haikukosea hata bolti moja. Oliver alipita mara kadhaa kuuliza kama tunataka kujua rangi ya kuanzia.

Jua lilipokuwa limeinama, Mniko alikaa kwenye usukani, akawasha, akakanyaga breki, akaweka D. Du! Akaweka R. Du! Sote tulisikia isipokuwa mwenye kazi. Nashon aliweka kiganja kwenye giaboksi, akakiweka kwenye injini, akakiweka kwenye fremu. Gari zima lilikuwa linaruka, na kiganja kinapokea mruko kutoka kila mahali. Alichukua bisibisi ndefu, akaegemeza mpini sikioni na ncha kwenye chuma, kama mafundi wote wafanyavyo. Nilimwona usoni kwamba hapati kitu. Alihamisha kwenye sikio la pili. Hapo nilitaka kuondoka, maana kuna mambo mke hapaswi kuyatazama.

Ndipo boneti ikateleza kwenye kijiti chake. Nashon aliidaka kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukashika waya wa betri usibanwe, na bisibisi, kwa kuwa hakuwa na mkono wa tatu, akaidaka kwa meno. Ncha ilikuwa imegusa injini. Mniko, ambaye hakuona lolote kule kwenye usukani, akaweka R.

Nashon aliruka kama aliyepigwa na umeme. Macho yalimtoka. Akasema kitu ambacho hatukuelewa kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa mpini. Akasema tena.

"Naithikia!"

"Amesema nini?" Mniko akauliza.

"Amesema anasikia," nikajibu, na sikuyaamini maneno yangu. Mlio ulikuwa umepita menoni na mfupani hadi kule ndani ambako daktari alisema ni pazima.

Oliver alikuja kushika boneti. Nashon aliinama na kuanza kuuma. Aliuma bisibisi huku ncha ikiwa juu ya giaboksi, akatikisa kichwa. Akaiweka mbele, akatikisa kichwa. Akaiweka upande wa nyuma, kwenye mauntingi, ile raba iliyoshikiliwa na chuma ili injini na giaboksi visirukeruke. Akainua kidole. Mniko akaweka D. Akaweka R. Akaweka D tena. Udenda ulikuwa unamtoka Nashon kwenye pembe ya mdomo na hakuujali. Aliingiza mtaimbo mdogo chini ya mauntingi akainua, na sote tukaona raba imepasuka katikati. Giaboksi mpya ilikuwa inagongeshwa na raba kuukuu. Aliyemfungia Mniko giaboksi hakuitazama.

Raba ilipatikana dukani karibu na stendi. Ilipofungwa, D ikaingia kimya na R ikaingia kimya. Mniko alizunguka uwanja mara kadhaa akitafuta mlio wa kulalamikia, akaukosa. Alipotoka getini alipunguza mwendo mbele yangu. "Mwambie ni muzuri," akasema. Nilimwambia. Redioni hakupiga, ila aliwasimulia watu wa Kehancha kwamba kuna fundi Migori anakula magari. Wengine wakaja kuhakikisha, na kwa kuwa wameshafika, wakaacha magari.

Oliver alirudi kwa ekzosi zake. Ile rangi hakuitaja tena, ingawa nilimngojea.

Nashon hakutulia jioni ile. Aliuma bisibisi na kugusa kila kitu uwanjani: jenereta, mashine ya Oliver ya kuchomelea, ndoo chini ya bomba, redio ya muuza mitumba, aliyemfukuza. Kila alipogusa alisimama akifikiri, kama mtu aliyerudi kijijini na kukuta watoto wamekua. Kisha akaja kibandani kwangu.

"Nyar Rusinga, simama hapa. Ongea."

"Futa kwanza hiyo kitu," nikamwambia. Aliona midomo, akaipangusa kwenye suruali, jambo ambalo halikusaidia. Akaweka ncha kwenye mfupa wangu, hapa chini ya shingo, akauma mpini, akafumba macho. Hakuwa anatazama midomo yangu tena.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwa miaka nilikuwa nimemsema akiwa amenipa mgongo: kuhusu wazazi wake na mafuta yao ya moto, kuhusu Cliff mwanetu asiyepiga simu kwa kuwa baba hapokei, kuhusu kuishi na mtu ambaye lazima umzunguke mbele ndipo umwambie unampenda, na ukishamzunguka unaona haya. 

"Chai imepoa," nikasema.

 Akanyoosha kidole, nirudie.

"Chai imepoa, Nashon."

Alitoa bisibisi mdomoni. Akafumbua macho akanitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue vizuri, aliongea kwa sauti ya chini.

"Kumbe sauti yako imezeeka," akasema.

Siku nyingine yoyote ningemrushia kikombe. Nililia mbele ya wateja, halafu nikaenda kuipasha chai.