Siku Tuta Lilipotetemeka

Nyumba yetu ilikaa juu ya tuta refu la mchanga na changarawe, hatua chache kutoka ziwani, upande wa Uganda, kusini mwa Busia. Nyuma yake kulikuwa na tuta jingine, na nyuma ya hilo jingine tena, yamejipanga sambamba na ufuo. Tulipochimba choo tulitoa magamba ya konokono wa majini, ndoo nzima. Mama mkwe akasema ziwa liliwahi kukaa pale, kisha likajiondokea. Mimi mzaliwa wa Tororo mjini, penye mwamba unaojua kukaa mahali pake, habari hiyo haikunifurahisha hata kidogo.

Ubaya mkubwa wa tuta lile ulikuwa kutingishika. Lori likipita barabarani kule chini, changarawe iliupokea mtikisiko na kuupandisha mpaka kabatini, vikombe vikagongana. Miaka ile ya utawala wa jeshi, malori yaliyopita kwetu yalikuwa ya askari tu. Ya watu binafsi yalikuwa yamenyang'anywa, au yamefichwa vichakani kama la mume wangu, aliyekuwa akisomba samaki hadi Tororo. Basi vikombe vikilia, tunatia komeo, tunalala sakafuni kimya. Nilifika mahali nikavisikia hata visipolia. Nilikuwa naacha ugali motoni nikavishike kwa mkono, nihakikishe, na mama mkwe ananicheka.

Kwa jirani, askari walimtanguliza mwenye nyumba amwite mkewe. Mke alisikia sauti ya mumewe, akafungua. Walibeba kila kitu, na mume wakaondoka naye. Habari ilipotufikia, mume wangu alinikalisha chini, mama yake akisikiliza.

“Hata kama ni mimi naita, usifungue,” alisema. “Pengine mtu nashika bunduki nyuma yangu. Mimi nikikuja salama nagonga mara tatu polepole, siiti.”

Nikaapa. Mama mkwe alikataa kuapa. Alisema hajawahi kumfungia mtoto wake mlango, na hataanza uzeeni.

Haukupita mwezi. Tulikuwa tumemaliza kuswali adhuhuri, mwanangu mchanga amelala mkekani. Vikombe vikalia. Nikatia komeo, nikamkumbatia mtoto, nikamvuta mama mkwe sakafuni. Lori hupita, mtikisiko ukaisha. Hili lilikuja, likatulia, likarudi kwa nguvu zaidi. Kabati lilianguka kifudifudi. Ukuta wa nyuma, wa udongo, ukapasuka kutoka dirishani hadi chini. Nami nikawaza jambo moja tu: leo wamekuja wengi.

Ndipo nikasikia sauti ya mume wangu nje.

“Fungua! Toka nje! Hii si gari, ni udongo nakwenda! Nyumba naanguka!”

Hakugonga mara tatu. Aliupiga mlango kwa ngumi zote mbili, sauti imempasuka kwa hofu. Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba ana bunduki mgongoni.

Mama mkwe alijikokota kuelekea mlangoni, nami nikamtangulia. “Ni mtoto wangu huyo. Ondoka hapo nifungue.”

“Mama, alisema tusifungue.”

“Nakwambia ondoka.”

Niliegemeza bega kwenye mlango, mtoto mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikamsukuma. Nilimsukuma kifuani, kwa nguvu, mwanamke aliyenizalia mume. Alirudi kinyumenyume akaangukia karibu na ukuta wa nyuma, na ukuta ukamwangukia kuanzia kiunoni hadi miguuni.

Vumbi lilipopungua niliona nje. Mume wangu alikuwa akiingia kupitia pengo, peke yake. Hapakuwa na askari. Kwenye tuta la pili majirani walikuwa wameketi mchangani, mahali pa wazi, watoto mapajani, wakitazama nyumba zao.

Walitusaidia kumfukua. Tulimlaza mchangani, mguu umevunjika mahali pawili, na ardhi ikatetemeka tena kidogo chini yetu. Mume wangu alimshika mama yake kichwa. Aliuliza bila kumtazama yeyote, “Kwa nini hamkufungua?”

Nilifungua mdomo. Mama mkwe akawahi.

“Ni mimi nilimkataza. Yeye nataka kufungua, mimi namshika. Nilikuwa naogopa, mwanangu.”

Mume wangu aliinamisha uso. “Ni mimi nilisema, mama,” akamwambia. “Nisamehe.”

Mama mkwe alitembea kwa mkongojo mpaka alipofariki, na hata tulipokuwa wawili jikoni hakunikumbusha. Mume wangu naye amekwenda akiamini kwamba mama yake ndiye aliyeogopa. Mara nyingi nilitaka kumwambia. Ninaowasimulia sasa hudhani aibu ndiyo iliyonifunga mdomo siku ile mchangani. Aibu ilikuwapo, tena nyingi. Lakini nilipomsikia mama mkwe akiubeba mzigo wangu, nilichohisi kwanza ni nafuu.