Skrubu Tatu za Mpini

Skrubu tatu tu, kila moja ndogo kuliko punje ya mahindi, ndizo zilizomvua nguo Dwight Pruett mbele ya ukumbi mzima pale Tulsa.

Mimi ndiye niliyetaka zifunguliwe.

Siku ile niliisubiri mwaka mzima. Ilipofika, nilifurahi kwa muda wa kama dakika tano hivi, halafu nikatamani ardhi inimeze.

Tulieni niwape yote, maana mwishoni nina ombi.

Naitwa Ozella Grayson. Hapa Okmulgee wote wananiita Zella. Baba yangu, Mzee Hosea, alikuwa fundi wa bastola za kale. Siyo za kupigia, za kutazama. Wakusanyaji walimletea vyuma vilivyoliwa na kutu, naye akavirudishia uhai kwenye karakana nyuma ya nyumba yetu, kwenye benchi la kazi la mwaloni, lenye droo mbili, alilolichonga mwenyewe. Alikaa kwenye benchi lile miaka arobaini.

Sasa, hawa wakusanyaji wana mambo yao.

Bastola yenye miaka mia na arobaini, ukiing'arisha tu, wanakulaani. Wanataka uzee wake uonekane. Na kinachowatia wazimu kuliko vyote ni skrubu ambayo haijaguswa. Bisibisi ikipita, inaacha kovu. Skrubu isiyo na kovu maana yake hakuna mkono ulioifungua tangu itoke kiwandani, na hapo bei inapaa.

Kwa hiyo mtu anaweza kumiliki bastola miaka thelathini na asijue ndani ya mpini kuna nini. Hathubutu kufungua.

Lishikeni hilo.

Kwetu kulikuwa na bastola moja ambayo haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya Cudjo Grayson, babu yake baba. Alizaliwa mtumwa wa Wakriki, wenyeji wa asili wa nchi hii, akaja kuwa askari wa mahakama ya Fort Smith, enzi zile huku hakujawa hata jimbo.

Mwaka 1884 Cudjo aliwakamata wanaume watatu pangoni. Risasi yake ya mwisho aliitumia siku ile ile ya kwanza. Safari ya kurudi ilikuwa siku tano, na yeye ni mmoja, wao ni watatu.

Akawaswaga siku tano na bastola tupu.

Walipofika mahakamani akaifungua silinda juu ya meza ya karani. Hamna kitu. Mmoja wa wale wafungwa, wanasema, alikaa chini akalia kama mtoto.

Hadithi hiyo nimelelewa nayo. Na kuna kipande ambacho baba hakumwambia mtu wa nje. Cudjo hakujua kuandika, ila alikuwa na alama yake ya kuchomea ng'ombe, pembe mbili na mstari chini. Aliichoma kwa msumari wa moto ndani ya mti wa mpini, mahali pasipoonekana mpaka ufungue.

Pruett sasa.

Huyu alikuwa mnunuzi mkubwa, kofia nyeupe, viatu vya ngozi ya mbuni. Kazi yake ilikuwa kunusa misiba. Mzee akifa, Pruett yuko kwa mjane na keki, anamwambia bastola ya marehemu ni takataka, anainunua kwa bei ya kuku. Mwezi ujao iko kwenye kasha la kioo, bei mara mia.

Kwetu alihangaika miaka sita akiitaka ya Cudjo. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, moyo wa baba ulipoanza kumsumbua, akaja.

Baba akanituma niilete. Nikaileta kwenye kitambaa chake.

Pruett akaigeuza, akatoa lenzi, akakaa nayo karibu nusu saa. Kisha akaguna.

"Mzee Hosea, nikwambie ukweli au nikupake mafuta?"

"Sema tu."

"Hii ni takataka. Vipande vya huku na huku vimeungwa. Na hiyo hadithi ya babu yako, samahani, mlilishwa uongo."

Nikapanda mori. "Wewe mzee, unamwambia baba yangu mambo gani? Hebu toka!"

"Zella," baba akasema, "mwache mgeni amalize."

"Nakuonea huruma tu," Pruett akaendelea. "Nitakupa dola mia mbili, niitumie kwa vipuri."

Baba akaitikia.

Pruett alipotoka nayo, baba akageuzia uso ukutani. Nikaona mabega yanatikisika. Nikamwekea mkono mgongoni, akanisukuma taratibu kama mtu asiyetaka aonekane.

Nikaondoka nimeuma meno. Kumfanya baba yangu alie, katika umri ule, ndani ya nyumba yake!

Siku zilizofuata, kila alipomtaja Pruett nilimkatiza; siku ya tisa akapata kiharusi, sauti ikakatika. Ukabaki mkono wa kushoto, na mkono ule kila siku ulinyooka kuelekea karakana.

"Baba, huko kumefungwa," nilimwambia. "Kazi zimekwisha, pumzika."

Akanyoosha tena. Nikadhani anataka jua, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka barazani. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyechoshwa na mjinga.

Akafa wiki moja kabla ya Krismasi. Nikamzika nikiamini amekufa akidhani babu yake alikuwa hadithi ya uongo.

Mwezi wa nne nikaenda kwenye maonyesho ya chama cha wakusanyaji, Tulsa. Kila mwaka tulikuwa tunakwenda wote wawili, tunakula pilipili na maharage kwenye kikombe cha karatasi, tunazunguka meza.

Meza ya tano, kasha la kioo, taa juu yake. Utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza.

Bastola yetu.

Na kadi. Niliisoma nikihisi damu inapanda kichwani. Siku tano, wafungwa watatu, silinda tupu juu ya meza ya karani. Neno kwa neno la baba. Ila aliyefanya yote hayo alikuwa Kapteni Amos Tolliver, mzungu ambaye hakuna anayejua ametoka wapi.

Cudjo naye alikuwemo. Mstari wa mwisho: "Kapteni alisafiri na mpishi wake, Mweusi aitwaye Cudjo."

Mpishi!

"Pruett!" nikaita. "Hii ndiyo ile takataka?"

Akanigeukia na tabasamu. "Binti yangu, mimi niliuziwa chuma. Hadithi nimeifanyia utafiti mwenyewe. Angalia skrubu hizo, bikira kabisa. Nenda kale kitu, umekonda."

Watu waliokuwa karibu wakacheka.

Pale pale nikaapa. Nisidanganye, sikuapa kutafuta haki. Niliapa kumkomesha. Nilitaka aone aibu mpaka ashindwe kununua mkate mjini. Mwaka mzima nililala na jambo hilo, nikaamka nalo, nikapika nalo.

Nikachimba kanuni za chama. Onyesho lolote linaweza kupingwa. Mpingaji akisema kuna alama ya siri, mwenye bastola ana mambo mawili tu: afungue mbele ya jaji, au aondoe onyesho na jina lake lifutwe.

Lakini mpingaji lazima naye awe na meza, na bastola yake ya kuonyesha.

Mimi sina bastola. Ilichukuliwa.

Mwezi wa nane nikaiuza karakana. Yote, jiliwa, tupa, bisibisi, benchi. Nilifanya mnada uani asubuhi moja, kufika saa sita mchana pamebaki mafuta sakafuni. Fedha ile nikanunua bastola moja chakavu ya kuwekea mezani. Roho haikuniuma hata kidogo. Nilikuwa namwona Pruett tu.

Mwezi wa nne ukarudi.

Pruett alikuja na mnunuzi kutoka Kansas, na jamaa alishatoa kitabu cha hundi. Nikasubiri watu wajae. Nikampelekea jaji mkuu wa maonyesho, Bi. Earlene Yahola, karatasi yangu ya kupinga.

Bi. Yahola ni mama wa Kikriki wa miaka sabini na kitu, mfupi, sauti ya mwalimu wa hesabu. Akaisoma mara mbili.

"Bwana Pruett, njoo hapa. Dada huyu anasema ndani ya mpini kuna alama ya familia yake."

"Upuuzi."

"Basi fungua."

"Nifungue? Mama, skrubu hizi hazijaguswa miaka mia na arobaini! Unajua unachoniambia?"

"Najua. Fungua au ondoa."

Nikaingilia. "Anaogopa. Mwaka jana alisema bikira, leo anaona haya kumvua?"

Ukumbi ukalipuka. Uso wa Pruett ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Akamtazama mtu wa Kansas. Mtu wa Kansas akasema polepole, "Mimi pia ningependa kuona."

Pruett akaitisha bisibisi. Ya kwanza ikatoka, ikaacha mkwaruzo, akafumba macho. Ya pili. Ya tatu ile ya chini ya kitako.

Nilikuwa nasema moyoni, lia. Lia kama ulivyomliza baba yangu.

Mti ukateleza ukatoka.

Bi. Yahola akauinua kwenye taa. Nikasogea. Nikatafuta pembe mbili na mstari.

Hakuna.

Mti ulikuwa safi ndani, haujachomwa popote. Pruett akavuta pumzi, akaanza kucheka. "Nilisema! Nilisema mwanamke huyu ana kichaa!"

"Ngoja," Bi. Yahola akasema. "Kuna kitu."

Kwenye tundu la mti, pale springi inapokaa, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Karatasi ya daftari la mistari, ya dukani, ya juzi tu. Akaikunjua. Mwandiko niliujua kabla hajasoma.

Akasoma kwa ile sauti yake ya darasani:

"Dwight. Ukiniambia hii ni takataka, utakuwa umesema kweli kwa mara ya kwanza. Ni vipande vya bastola nne, nimeviunga mwenyewe miezi saba. Skrubu nilizifungia kwa bisibisi nilizozichonga kwa ajili yake, ndiyo maana huoni kovu. Ukiwa unasoma hapa, basi umemwambia mtu hadithi nyingine, na wamekulazimisha kufungua. Wasalimie wajane. Hosea Grayson, fundi."

Kikazuka kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Watu wazima wanashikana mabega. Mtu wa Kansas akarudisha kitabu cha hundi mfukoni, akaondoka bila kuaga. Bi. Yahola akauchomoa utepe wa buluu kwa vidole viwili. Pruett alibaki ameshika bisibisi, kofia imeenda upande, anatafuta pa kuweka macho.

Nilimwangalia mpaka nikashiba. Sitasema uongo, ilikuwa tamu.

Ndipo likanijia. Yale mabega yaliyotikisika siku ile.

Baba hakuwa analia. Alikuwa anacheka! Alijizuia nisimsikie, maana Pruett alikuwa bado kwenye ngazi za baraza. Mzee wangu alimswaga yule mshenzi mwaka na nusu na bastola tupu, kama Cudjo. Hakufa mnyonge hata kidogo. Mimi ndiye niliyembebea unyonge ambao hakuwa nao.

Nikaanza kucheka na machozi yananitoka.

"Dada," Bi. Yahola akanigusa mkono, "jina la Cudjo nitaliandika kwenye kumbukumbu za chama leo hii. Lakini kuna mstari nyuma ya karatasi. Nadhani huu ni wako."

Akaigeuza. Nikasoma mwenyewe.

"Zella, kama uko hapo, ya Cudjo haijatoka nyumbani. Iko kwenye benchi langu, nyuma ya droo ya kushoto."

Sikumbuki nilivyokaa chini. Nakumbuka sakafu ilikuwa baridi, na mtu akaniletea maji.

Mkono ule wa kushoto, kila siku, kuelekea karakana. Na mimi namsukuma juani.

Nimejifunza nini? Kwamba hasira ilinizibia masikio wakati baba yangu yuko hai ananionyesha. Nilimjua Pruett kuliko nilivyomjua aliyenizaa. Nilimfikiria adui asubuhi na jioni, na ya kwetu nikaiuza kwa mikono yangu ili nimpate. Kama nawe una mtu unayemwinda, kabla hujauza kitu, kaa chini uwakumbuke wako walikuwa wanakwambia nini.

Ombi langu sasa.

Benchi lilinunuliwa na bwana mmoja mwenye gari jeupe la mizigo, namba za Arkansas. Alisema mke wake atapangia vyungu vya maua. Simjui jina. Kama unamjua, mwambie avute droo ya kushoto aitoe kabisa, apeleke mkono nyuma. Bastola akitaka abaki nayo. Nitakwenda kuitazama tu, na nitamsimulia ilivyokuwa.

Ataikumbuka droo hiyo. Siku ya mnada aliivuta, akaipima na ya kulia, akaniuliza mbona hii fupi kwa shubiri nzima.

Nilikuwa na haraka. Nikamjibu kwamba mzee alikosea kipimo.

Baba yangu hakuwahi kukosea kipimo maisha yake yote.