Saluti ya Aabo Uwanjani

Mwezi jana nilirudi Garissa kwa harusi ya binamu, nikapita kwenye uwanja wa mtaani kwetu. Nikwambie nini, ndugu yangu? Uwanja hakuna. Maduka ya simu yamejipanga mpaka barabarani, na kijana mmoja akaniita, "Abaayo, dada yangu, karibu, kava mpya hizi!" Nikabaki nimesimama, machozi yananitoka, yeye akidhani ni bei.

Sisi tulikulia ng'ambo ya uwanja huo, miaka ya tisini. Aabo, baba yangu, alikuwa mwanajeshi mstaafu. Goti bovu ndilo lililomrudisha nyumbani, akawa anateka maji mtoni Tana na kuyauza kwa mkokoteni wa punda. Lakini jeshi halikumtoka. Asubuhi, hooyo, mama yetu, akiwa bado anapika anjera, sisi watoto tulipangwa uani kwa urefu, mguu sawa, tukakaguliwa kucha. Mazungumzo nyumbani yalikuwa ya Kisomali, amri zilikuwa za Kiswahili. Hata punda, wallahi, alikuwa anaamrishwa kwa Kiswahili. Jioni harufu ya chai ya iliki na maziwa ya ngamia ilichanganyika na ya rangi ya viatu, maana buti zake za jeshini alizing'arisha kila siku, na ole wako uziguse. Nyanya, akimwona amezivaa na kikoi, alimtania, "Serikali ilikupa buti, ikasahau suruali." Aabo alicheka mpaka akakohoa.

Siku hizo askari wakishambuliwa na majambazi porini, mji wetu ndio ulioadhibiwa. Wanaume wote walisukumwa uwanjani, na kila mtu alijua la kufanya: keti mchangani, mikono kichwani, macho chini, funga mdomo. Asubuhi moja tulisikia malori. Hooyo akamshika Aabo shati. "Vaa sandali. Kaa chini kama wenzako. Nakuomba, baba watoto."

"Wenzangu ni wale," akasema. "Nitaongea nao." Akavaa buti.

Tulichungulia kwenye uwazi wa ua. Wanaume walikuwa wameketi, na katikati yao Aabo akaenda akichechemea hadi kwa afande, akapiga mguu chini, akapiga saluti. "Koplo mstaafu, afande!" Ilikuwa sauti ileile ya kila asubuhi, nami nikajaa fahari.

Afande alikuwa kijana mdogo. Hata usoni hakumtazama, alitazama miguuni. "Hizi ulimvua maiti gani?"

Aabo akacheka. Alidhani ni utani wa kambini. Kofi likamkuta bado anacheka. Wakamvua buti, wakazining'iniza shingoni mwake kwa kamba zake, wakamwamuru aruke kichura kuzunguka uwanja, na goti lile! Akianguka wanamwinua kwa mateke. Majirani aliowapelekea maji miaka yote waliangalia mchanga. Ningewalaumu vipi? Halafu wakamtupa ndani ya lori.

Hooyo alipeleka chakula kwenye geti la kambi kila siku: anjera, nyama, chai kwenye thamosi. Kila siku vyombo vilirudi vitupu, nasi tukafurahi kwamba anakula. Alipoachiliwa, amebaki mifupa, hooyo akamuuliza kama nyama ilikuwa na chumvi ya kutosha. Aabo akamwangalia kwa mshangao. Hakuwa ameona hata tonge.

Hakueleza zaidi. Punda alimuuza kwa jirani, akawa mtu wa kukaa mkekani, na Kiswahili hakikutoka tena mdomoni mwake.

Miezi ikapita, malori yakaja tena. Safari hii askari walikuwa bado wanashuka, hakuna aliyekuwa ametoa amri, Aabo akatoka peku kabla ya wanaume wote. Alipofika katikati ya uwanja akaketi mchangani, akaweka mikono kichwani, akainamisha uso. Askari mmoja akampita kama anayepita jiwe.

"Alhamdulillah," hooyo akanong'ona kando yangu. "Sasa amejua."

Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania miti ya ua, namwomba Mungu, Aabo asimame.