Majiko ya Kukausha Nyumba

Vijana wa kanisa walitujengea mimi na mama nyumba ya udongo hapa nje ya Gilgil. Siwezi kuwalaumu wote, maana walikanyaga matope wakiimba mpaka jioni. Wa kulaumiwa ni wawili. Mwenyekiti wao aliona kuta bado ni mbichi, na askofu alikuwa anakuja kesho yake kuiombea nyumba. Akaleta majiko mawili ya makaa, akayaweka ndani.

“Shosho, lala humu leo, joto ni la bure,” alimwambia mama, akimwita bibi kwa heshima. “Kesho askofu akishika ukuta asichafuke mikono.”

Mama alicheka. Mimi nikauliza kama tuache dirisha wazi. Pasta, ambaye ndiye wa pili, akasema, “Funga, dada. Baridi ikiingia kuta hazitakauka.”

Asubuhi askofu alinikuta nimelazwa nje kwa nyasi, natapika. Mama alikuwa amekufa kwa sumu ya makaa.

Kaburini pasta alisema Mungu amemwita mama. Nilisimama nikamwambia mbele ya watu, “Mungu hakuleta majiko. Ni mwenyekiti wako, na wewe ukaniambia nifunge dirisha.” Wakanishika mikono, wakaniketisha, wakaanzisha wimbo.