Skii Alizomtengenezea Eilev

Bondeni kwetu ni vigumu kumpata mtu mzima ambaye Gunvor Brattli hajawahi kumnyanyua. Mchungaji amenyanyuliwa, mkuu wa shule amenyanyuliwa, na daktari wa meno, mtu wa kujisikia kidogo, alinyanyuliwa huku amekumbatia mkoba wake. Ukienda kwake kutaka skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, anakwambia unyooshe mkono juu, anapima kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono, kisha anapita nyuma yako, anakushika kiunoni na kukuinua kama gunia la viazi. Anakuning'iniza kidogo, anaguna, anakutua. Basi, vipimo vimekwisha. Mizani anayo bafuni kama watu wengine, ila anadai mizani haijui mtu anavyosimama.

Na uzito ndio kila kitu kwenye skii ya mbao. Ukiilaza mezani, ncha zake mbili zinagusa meza na katikati panabaki pameinuka. Huo tunauita mgongo. Ukiikanyaga kwa mguu mmoja, mgongo unatakiwa ulale, ili pale palipopakwa nta pashike theluji nawe upande mlima. Mgongo ukiwa mlegevu, unakokota miguu kama unatembea kwenye uji. Ukiwa mgumu kukuzidi, ile nta haigusi theluji, na kila ukipiga hatua moja mbele unateleza kurudi ulikotoka. Gunvor alijifunza hayo kwa baba yake, kwenye ghala lile lile linalonuka lami ya msonobari hadi kwenye mikate, na hakuna anayekumbuka skii yake hata moja iliyomrudisha mtu nyuma.

Mumewe, Eilev, aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani mpaka alipostaafu. Alikuwa mtu wa miraba minne, sauti kubwa, anayekula viazi kana kwamba anashindana na mtu. Gunvor alipojaribu kumnyanyua mara ya kwanza, wakati huo hawajajuana hata majina vizuri, walianguka wote wawili kwenye rundo la maranda. Eilev akatangaza pale pale kwamba mwanamke aliyemwangusha yeye lazima akubali kuolewa naye. Gunvor alikubali, ila baada ya kumlipisha zile skii.

Vuli iliyopita Eilev aliugua tumbo. Wakampasua, wakakata walichokata, wakasema Mungu akipenda yamekwisha, naye akarudi nyumbani kabla ya Krismasi akiwa nusu ya mtu aliyeondoka. Lakini ndani ya nyumba ile hakuna aliyethubutu kusema amekonda. Gunvor alisogeza vifungo vya suruali zake kimyakimya, na Eilev akavifunga kimyakimya, kama vile suruali zilitoka dukani hivyo. Alikula nusu bakuli ya supu, akaisifu, kisha wakazungumzia hali ya hewa. Hali ya hewa haijawahi kuzungumziwa sana namna ile kwenye nyumba moja.

Jambo moja tu Eilev alilisema wazi. Kila Pasaka bonde zima huhamia kwenye vibanda vya mlimani, na kwa akina Brattli mtu hupanda kwa skii zake mwenyewe. Binti yao, Borghild, kwa nia njema kabisa, alipendekeza baba yake apakiwe kwenye pikipiki ya theluji.

"Mimi sipelekwi kibandani kama mzigo wa kuni," Eilev akamjibu. "Napanda kwa miguu yangu au nabaki hapa na paka. Na nikibaki mwaka huu, msinihesabu tena."

Borghild alimtazama mama yake, na mama yake akautazama ukuta. Wote walimjua mzee. Akishasema, amesema, na mlima ule ndio kitu pekee alichokitaja kwa jina alipokuwa amelala hospitalini.

Skii zake za zamani zilikuwa zimepasuka. Gunvor akasema atamtengenezea mpya, tena za bjørk, mti wa gome jeupe, aliokuwa ameuweka ukauke tangu miaka hiyo, ule wenye nyuzi zilizonyooka, ambao alikuwa amekataa kumuuzia kila aliyeuulizia. Mjukuu wao alikuwa ameagiza ubao wa kutelezea, ule wa miguu miwili kwenye ubao mmoja, ambao Gunvor huuita meza ya kupigia pasi. Huo ukawekwa kando. Alipasua, akapiga randa, akachemsha ncha kwenye sufuria kubwa na kuzikunja, akapaka lami na kuipitishia moto mpaka mbao zikawa za rangi ya kahawa. Mimi nimeziona skii nyingi alizotengeneza, na hizo ndizo zilikuwa nzuri kuliko zote.

Ila hakumnyanyua mwenye skii. Alijiambia kwamba mgonjwa haning'inizwi, mshono bado mbichi. Alijiambia pia kwamba mikono yake inamjua mume wake, haihitaji kukumbushwa. Akawa anapiga randa huku anamwona Eilev mbele yake, mabega yanajaza mlango, na mikono ikafuata alichokiona.

Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka wakaenda kuzijaribu kwenye kilima cha nyuma ya ghala. Jirani yao Tarjei, aliyeendesha magari ya theluji pamoja na Eilev, naye akajitokeza, kwa sababu Tarjei hujitokeza. Eilev akafunga skii, akapiga hatua, akateleza kurudi nyuma. Akajaribu tena, akarudi tena. Safari ya tatu akaangukia magoti.

"Nta gani hii umempakia, shemeji?" Tarjei akauliza. "Theluji ya leo ina maji. Hii ni nta ya Januari."

Mwanamume wa bonde letu, skii ikimkatalia, atailaumu nta kabla hajakumbuka kwamba kuna kitu kingine duniani. Tarjei akaenda mbio nyumbani na kurudi na sanduku lake la nta kama daktari aliyeitwa kwa mgonjwa mahututi. Wakakwangua, wakapaka upya, wakabishana, wakapaka nyingine juu yake. Gunvor alibishana kwa bidii kuliko wote, maana naye alitaka sana iwe nta. Eilev akapiga hatua, akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa ghala.

Alivua skii taratibu, akaziegemeza ukutani kwa uangalifu, jinsi unavyorudisha kitu cha kuazima.

"Nta haina kosa," akasema. "Miguu ndiyo imekwisha. Mpigie Borghild, mwambie mtakwenda wenyewe."

Akaingia ndani. Tarjei akaanza kupanga upya makopo yake, asijue pa kutazama, mpaka Gunvor alipomwomba aende nyumbani. Kisha Gunvor akailaza skii moja kwenye meza ya ghalani na kuukandamiza mgongo kwa kiganja. Ulikuwa mgumu. Ungelala chini ya mwanamume wa miraba minne, si chini ya mwingine yeyote. Hakuna aliyehitaji kumwambia alichokifanya. Akinyamaza, Eilev angeuacha mlima akiamini miguu yake imekufa. Akisema, ingebidi aliingize ndani ya nyumba lile neno walilokuwa wakilifukuza majira yote ya baridi. Aliogopa, na aliona haya kwa kuogopa. Akafuta mikono, akaenda.

Eilev alikuwa ameketi dirishani jikoni, paka mapajani.

"Simama," Gunvor akamwambia.

"Ya nini?"

"Simama tu, mzee wangu."

Akasimama. Gunvor akapita nyuma yake, akamshika chini kidogo ya mbavu, mbali na mshono, akajikaza kwa ule uzito aliouzoea, na Eilev akapaa ghafla hata kichwa kikakaribia kugonga taa. Hakumning'iniza kidogo tu kama anavyowafanya wateja. Alimshikilia pale, uso wake umelala kwenye mgongo wa sweta, akalia bila kutoa sauti.

"Haya, niambie," Eilev akasema, miguu ikiwa hewani. "Ni uzito wa nani?"

"Wa mwalimu wa kwaya."

"Yule mwembamba?"

"Yule yule."

Kicheko kilianza taratibu, kikamtikisa Eilev mpaka akaomba atuliwe, tumbo linamuuma. Gunvor akamtua, akamgeuza, akamshika sweta pande mbili.

"Miguu yako haina neno," akasema. "Kosa ni langu. Nilimtengenezea yule Eilev mwingine. Huyu niliogopa hata kumshika."

"Nami nilidhani hujaona." Eilev akainua pindo la sweta lake. Chini yake palikuwa na sweta jingine, na chini ya hilo jingine tena. "Nimeiva kwa joto humu ndani tangu Krismasi."

Jioni ile waliongea. Wakasema amekonda, wakalirudia neno lile mpaka likapoa. Wakataja na mengine yaliyokuwa yamejificha nyuma yake, kama vile Eilev alichokiwaza usiku wa kuamkia upasuaji, na mkewe alichokiomba. Supu ilipoa na hakuna aliyeisifu.

Kesho yake Eilev aliketi ghalani juu ya kigogo, na sweta moja tu, na kikombe cha kahawa, Gunvor akiziweka skii kwenye jiliwa.

"Nikishatoa hapa, ubao haurudi," Gunvor akamwonya.

"Je, nikinenepa?"

"Nakutengenezea nyingine. Mbao ninazo."

Akapiga randa upande wa juu, kidogokidogo, na kila baada ya muda akamsimamisha Eilev juu ya skii sakafuni na kusukuma karatasi chini ya mguu wake. Akisimama kwa miguu miwili, karatasi ipite. Akisimama kwa mmoja, inaswe. Kwa mguu mmoja ilipita mara nyingi kuliko Gunvor alivyotarajia, na kila ilipopita alirudi kwenye randa, hadi karatasi ikanaswa na kuchanika mkononi mwake.

Walipanda Jumamosi ya Pasaka, Borghild na wanawe wametangulia na mizigo. Kwenye mwinuko wa kwanza skii zilishika. Eilev alipanda polepole, akipumzika kila alipotaka, na Gunvor nyuma yake, mikono tayari, macho hayabanduki kwenye visigino vyake. Mahali palipo pakali zaidi Eilev akasimama, akakanyaga kando ya njia.

"Pita mbele," akasema. "Umekaa nyuma yangu kama ukuta."

"Je, ukiteleza?"

"Zimetengenezwa na nani hizi?"

Gunvor akapita. Mgongoni mwake akasikia skii zikianza tena, pa, pa, moja baada ya nyingine. Tangu vuli alikuwa hajampa mtu yule kisogo bila kugeuka. Sasa alitamani sana kugeuka, na hakugeuka. Alipanda huku machozi yanamtiririka na pua inavuja kama ya mtoto, akiisikiliza ile sauti, ambayo badala ya kubaki nyuma ilizidi kumsogelea.

"Mama," Eilev akaita karibu na sikio lake, akihema, "kaza mwendo, nitakukanyagia skii."